Muda wa kusuka, kutunga na kuchora: Wenye shughuli nyingi huupata wapi?

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1963 ilichapishwa tafsiri ya Kiswahili ya Julius Caesar, tamthilia mashuhuri ya Mwingereza William Shakespeare. Aliyeifasiri hakuwa mhadhiri wa chuo kikuu wala mfasiri wa kulipwa. Alikuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere.

Wakati huo Mwalimu alikuwa na nchi changa ya kuiongoza na chama cha kukiimarisha, na wageni wa kila aina walikuwa wakisubiri kuonana naye. Pamoja na hayo, alipata nafasi ya kukaa na maandishi ya mtu aliyefariki mwaka 1616, akitafuta neno la Kiswahili lililolingana na kila wazo. Wala hakuishia hapo. Mwaka 1969 lilitoka toleo lililosahihishwa la tafsiri hiyo, na mwaka huohuo ikatoka Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia nyingine ya mwandishi huyohuyo.

Mtu anayerudi nyumbani saa moja usiku akiwa amechoka kwa foleni ana haki ya kuuliza: mzee huyo alipata wapi muda?

Swali hilo ni la watu wengi. Karani aliyekuwa akichora vizuri alipokuwa shuleni hajashika penseli ya rangi tangu amalize kidato cha nne. Mama aliyefundishwa na bibi yake kusuka mikeka ana fungu la ukindu uliokauka juu ya kabati. Fundi magari aliyekuwa na sauti nzuri kwayani sasa huimba bafuni tu. Ukiwauliza sababu, jibu ni moja: "Sina nafasi."

Jibu hilo si la uongo, lakini si kamili. Ukiwatazama wale walioweza, hasa hapa Afrika Mashariki, utaona kwamba wachache sana walikuwa na muda mwingi. Walichokuwa nacho ni kazi iliyokatwa vipande vidogo kiasi cha kuingia katika nyufa za siku.

Neno lenye utata

Hata lugha yenyewe haijakubaliana juu ya jambo hili. Nchini Kenya, mwanafunzi akiulizwa uraibu wake, ataeleza kwamba anapenda kusoma riwaya au kufuma vitambaa. Akiulizwa swali hilohilo Dar es Salaam, huenda akashtuka, kwa kuwa huko neno uraibu limezoeleka kuhusishwa na dawa za kulevya na pombe. Zamani neno hilo lilihusishwa zaidi na vitu vya kujifurahisha ambavyo mtu hupenda kuvitumia mara kwa mara, kama vile tambuu na tumbaku.

Pengine kutokuwapo kwa neno moja linaloeleweka kote kunatokana na historia. Katika jamii nyingi za pwani na bara, kazi za mikono za sanaa hazikutengwa na maisha ya kila siku. Mkeka uliokuwa na mapambo mazuri ulikuwa ni mkeka wa kulalia. Wimbo ulioimbwa kinuni ulisaidia kutwanga. Mtu hakutoka kazini kwenda katika sanaa. Sanaa ilikuwa ndani ya kazi.

Utengano huo uliletwa na ofisi, kiwanda na saa ya ukutani. Siku ikagawanywa kati ya saa za mwajiri na saa za mtu mwenyewe, na saa za mtu mwenyewe zikamezwa na safari, mapishi, watoto na, katika miaka ya karibuni, simu ya mkononi.

Ukili na kiondo

Mfano mzuri kabisa wa kazi ya sanaa inayoishi ndani ya siku yenye shughuli nyingi ni usukaji wa ukili, unaofanywa na wanawake wa Zanzibar na wa mwambao wote. Inafaa kuueleza kwa kirefu, kwa sababu namna kazi hiyo ilivyopangwa inajibu sehemu kubwa ya swali la muda.

Malighafi yake ni ukindu, yaani makuti machanga ya mkindu, au miyaa, itokayo katika mkoma. Majani hukaushwa, kisha huchanwa kuwa vipande vyembamba vinavyoitwa chane. Zile zinazotakiwa kuwa na rangi hutiwa katika sufuria ya maji ya moto yenye rangi na kuchemshwa. Baada ya hapo chane husukwa kuwa ukili, ambao ni utepe mrefu wenye upana wa vidole vichache. Ukili ukishakuwa mrefu wa kutosha, hushonwa ukingo kwa ukingo kwa sindano kubwa iitwayo shazia, na hapo ndipo mkeka unapozaliwa.

Angalia jinsi kazi hiyo ilivyogawanyika. Kuchemsha rangi kunahitaji moto na uangalizi, hivyo hufanywa siku moja kwa wingi. Kushona mkeka kunahitaji sakafu na utulivu, hivyo husubiri siku yake. Lakini kusuka ukili, ambako ndiko kunakochukua saa nyingi kuliko yote, hakuhitaji chochote ila vidole na fungu la chane.

Ndiyo maana ukili husukwa barazani wakati wa mazungumzo, husukwa wali ukiwa jikoni unapaliwa, na husukwa wakati wa kumsubiri mtoto atoke chuoni. Msukaji mzoefu haangalii mikono yake. Akiitwa, huuweka ukili chini. Akirudi huanzia palepale alipoachia. Hakuna kilichoharibika.

Urefu wa ukili hupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mwanamke hasemi kwamba leo atatengeneza mkeka. Husema kwamba leo atasuka pima moja, au nusu yake.

Kenya nako kuna kiondo. Wanawake wa Kikamba na Kikuyu wamejulikana kwa miaka mingi kwa kusuka vikapu hivyo vya katani wakiwa safarini, kikapu ambacho hakijakwisha kikiwa mikononi na nyuzi zikining'inia. Kiondo huanzia kitako na kupanda kwa kuzunguka, kwa hiyo wakati wowote kinapowekwa chini, mwenyewe huona wazi alipofika na panapofuata.

Kazi hizi mbili zina sifa zinazofanana: ni nyepesi kubebwa, hukubali kukatizwa, na hatua inayofuata hujulikana bila kufikiri. Mtu anayetaka kuchagua jambo la kufanya baada ya kazi angefanya vyema kuzichunguza sifa hizo kabla ya kununua vifaa. Kufuma kitambaa cha kochi kwa uzi na sindano ya kroshia kuna sifa zote tatu. Kuchora kwa penseli katika daftari dogo pia. Kufinyanga vyungu hakuna hata moja, ingawa ni kazi nzuri sana kwa mwenye uwanja na Jumamosi isiyo na msiba wala harusi.

Karani na kalamu yake

Wapo watakaosema kwamba kusuka ni kazi ya mikono tu, na kwamba kazi ya kichwa haiwezi kukatwakatwa namna hiyo. Historia ya fasihi ya Kiswahili inawapinga.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga na kufariki mwaka 1962, hakuwahi kuishi maisha ya mwandishi wa kulipwa mshahara ili aandike. Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Alifanya kazi katika Idara ya Forodha kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, kisha akahamia idara ya wanyama pori, baadaye ofisi ya wilaya Tanga, na mwisho ofisi ya upimaji ardhi. Mashairi, tenzi, insha na hadithi kama Kusadikika viliandikwa na mtu aliyekuwa na bosi, na uhamisho, na familia ya kulisha.

Hakuwa peke yake. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake kuhusu sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka 1954, alikuwa mhubiri wa dini na mwanasiasa, akawa Meya wa Dar es Salaam na baadaye waziri. Mathias Mnyampala alikuwa mtumishi wa serikali. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa mwaka 1923, lilipokea mashairi kutoka kwa walimu, makarani na watu wa kazi nyinginezo. Ushairi wa Kiswahili wa karne iliyopita, kwa sehemu kubwa, uliandikwa na watu waliokuwa wakitoka kazini.

Iliwezekanaje? Sehemu ya jibu imo katika umbo la shairi lenyewe. Shairi la kawaida la Kiswahili lina ubeti wa mishororo minne, na kila mshororo una mizani kumi na sita, nane upande wa kwanza na nane upande wa pili. Ubeti mzima ni mizani 64. Hesabu hiyo inatosha kuhifadhiwa kichwani bila karatasi.

Chukua mfano wa abiria aliyekwama barabarani siku ya mvua. Anaweza kuanza hivi: "Mvua yanyesha njiani, daladala imekwama." Akihesabu kwa vidole atapata mizani nane na nane. Sasa anajua kwamba mishororo miwili inayofuata itahitaji kina cha kati cha "ni" na kina cha mwisho cha "ma". Maneno yanaanza kumjia yenyewe: kazini, nyumbani, mama, salama. Kabla gari halijasogea mita mia mbili, ana kitu cha kuandika katika simu yake.

Ubeti mmoja kwa siku ni beti saba kwa juma, nalo hilo ni shairi kamili. Linaweza kuwa baya. Mashairi mengi yaliyopelekwa magazetini tangu enzi za Mambo Leo yalikuwa ya kawaida tu, na watungaji wake walilijua hilo, wakaendelea kutunga na kujibizana wao kwa wao kwa miaka.

Aliyeamshwa kwa kahawa

Huko Uingereza, mtu aliyeeleza kwa uwazi zaidi hesabu zake za muda alikuwa Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa karne ya 19. Aliingia katika idara ya posta mwaka 1834 na hakuacha kazi hadi mwaka 1867. Katika maisha yake aliandika riwaya 47.

Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1883 baada ya kifo chake, Trollope alieleza kwamba alikuwa mezani kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri. Aliweka saa mbele yake na kujitaka aandike maneno 250 kila robo saa. Mtumishi wake wa zamani alilipwa pauni tano zaidi kwa mwaka kwa kazi moja tu, kumwamsha na kumletea kahawa. Trollope alikiri kwamba mtumishi huyo alistahili sifa kuliko mtu mwingine yeyote kwa mafanikio yake.

Wahakiki wengi walichukizwa na maelezo hayo. Waliona ni aibu kwa msanii kuhesabu maneno kama mwashi anayehesabu matofali. Kwa mtu mwenye ajira, hata hivyo, kitabu hicho kina faraja kuliko masimulizi mengi ya wasanii waliosubiri kushukiwa na hamu.

Si lazima mtu afuate kasi ya Trollope, wala si kila nyumba ina mtumishi wa kuleta kahawa. Anayeandika maneno 100 tu kwa siku, siku tano kwa juma, atakuwa na maneno 26,000 mwisho wa mwaka. Anayetenga dakika 20 kila siku kwa kuchora au kufuma atakuwa ametumia zaidi ya saa 121 kwa mwaka, ambazo ni sawa na siku 15 za kazi za saa nane. Ni vigumu kumpata mwajiri atakayetoa likizo ya siku 15 ili mtu akachore. Haba na haba hujaza kibaba.

Watafiti walichokiona

Kuna ushahidi kiasi kwamba dakika hizo huufaa mwili. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watu wazima 39. Kila mmoja alipewa dakika 45 za kutengeneza anachotaka kwa udongo, kwa kalamu za rangi au kwa vipande vya karatasi. Mate yao yalipimwa kabla na baada ili kuona kiwango cha kotiso, homoni inayohusiana na msongo wa mawazo.

Kwa takriban asilimia 75 ya washiriki, kiwango hicho kilishuka. La kuvutia zaidi ni kwamba uzoefu haukuleta tofauti. Wale ambao hawakuwa wameshika rangi kwa miaka walinufaika sawa na wazoefu.

Lilikuwa jaribio dogo, na robo ya washiriki hawakupata unafuu huo, kwa hiyo mtu asilisome kama cheti cha daktari. Lakini halikusimama peke yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na ikaona kwamba sanaa ina nafasi katika kuzuia maradhi na katika kuwasaidia wagonjwa.

Vipi kuhusu kuizoea kazi yenyewe? Wapo wanaodai kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kuanzisha tabia mpya, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2010. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo lifanyike bila kujilazimisha. Wengine walichukua siku 18 tu, huku makadirio ya wengine yakifika siku 254.

Tabia zilizochunguzwa zilihusu chakula, vinywaji na mazoezi, si ufumaji. Mambo mawili katika utafiti huo hata hivyo yanamfaa mfumaji. Kwanza, kila mshiriki aliifunga tabia yake kwenye tukio ambalo tayari lilikuwapo kila siku, mfano baada ya kifungua kinywa. Pili, kukosa siku moja hakukuvunja mchakato. Aliyepitiwa na usingizi Jumanne hana sababu ya kuacha kabisa Jumatano.

Kuifunga kazi kwenye tukio kuna maana kubwa katika nyumba zetu, ambako saa kamili haiheshimiwi na mtu. "Saa mbili usiku nitachora" ni ahadi itakayovunjwa na mgeni wa kwanza. "Nikishaweka maharage jikoni nitachora" ni ahadi yenye nguvu zaidi, maana maharage yatawekwa jikoni mgeni aje asije.

Vifaa navyo viwe karibu. Daftari lililofungiwa sandukuni chumbani kwa watoto waliolala halitafunguliwa. Lililoko juu ya meza, pamoja na penseli iliyokwisha kuchongwa, lina nafasi ya kushindana na simu, ambayo daima ipo mkononi na haihitaji kuchongwa.

Zamu ya pili ya akina mama

Ni rahisi kuandika haya yote kana kwamba watu wote wana jioni zinazofanana. Hawana. Tafiti za matumizi ya muda zilizofanywa Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanawake hutumia muda mwingi zaidi kuliko wanaume katika kazi za nyumbani zisizolipwa: kupika, kufua, kuteka maji, kutunza watoto na wagonjwa. Baba anapofika nyumbani kazi imekwisha. Mama anapofika, zamu ya pili ndiyo inaanza.

Kwa hiyo si ajabu kwamba sanaa za jadi za wanawake ni zile zinazofanyika huku jicho moja likiwa kwenye sufuria. Ukili unasifiwa kwa kukubali kukatizwa, lakini ni lazima pia iulizwe kwa nini msukaji hukatizwa kila mara na mumewe, anayecheza bao barazani, hakatizwi.

Trollope alikuwa na mtumishi. Wanaume wengi waliotajwa katika makala haya walikuwa na watu wa kuwapikia. Familia inayotaka mama apate dakika zake 20 haitazipata kwa kumfundisha kupanga ratiba. Itazipata mtu mwingine atakapoosha vyombo.

Suala hili ni gumu zaidi ambako kazi ya mikono huitwa uvivu. Binti anayechora huambiwa akasome. Mwanamume anayefuma huchekwa. Hilo la pili linashangaza, kwa sababu huko Lamu wanaume wameshona kofia kwa mkono kwa vizazi vingi, wakidarizi vitundu vidogo vidogo kwa sindano na uzi, kazi inayoweza kuchukua majuma au miezi kwa kofia moja. Hakuna aliyewahi kuwaona kuwa wapungufu kwa ajili ya hilo.

Fedha inapoingia

Mara mtu anapotengeneza kitu kizuri, jirani humwambia akiuze. Ushauri huo ni wa kawaida na mara nyingi ni wa busara. Kipato cha ukili na viondo kimesomesha watoto wengi, na hakuna sababu ya kukibeza.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alikuwa ametumika katika mashamba ya mkonge ya Tanga na katika kazi za nyumbani na bustani jijini Dar es Salaam kabla ya kuanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia alichoweza kukipata: vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli. Picha zake za wanyama ziliuzwa Oyster Bay kwa wageni, ndugu na marafiki wakajiunga naye, na baada ya kuuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 jina lake likawa jina la mtindo mzima wa uchoraji unaolisha familia hadi leo.

Hata hivyo, kuna upande wa pili. Mwaka 1973 wanasaikolojia wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Baadhi yao waliahidiwa cheti cha kuvutia iwapo wangechora. Siku chache baadaye, vyeti vikiwa vimekwisha kutolewa, watoto hao walitumia takriban nusu ya muda uliotumiwa na wenzao katika kuchora kwa hiari yao. Waliokuwa hawakuahidiwa chochote waliendelea kama zamani.

Mtu mzima mwenye karo ya kulipa si mtoto wa miaka minne. Lakini yeyote aliyewahi kuchukua oda ya vitambaa 12 vya makochi vya rangi moja, kwa harusi ya Jumamosi, analijua jambo ambalo watafiti hao waliliona. Kufikia kitambaa cha saba, kilichokuwa pumziko kimekuwa kibarua. Wengine huamua mapema kwamba baadhi ya wanachotengeneza kitauzwa na baadhi hakitauzwa kamwe, na huo unaonekana kuwa mpango mzuri kuliko kusubiri chuki iingie.

Siku ya kukabidhi ofisi

Upungufu wa jambo la kufanya kwa mikono hauonekani sana mtu akiwa kazini. Huonekana siku anapostaafu. Mtumishi wa umma nchini Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Kenya nayo iliweka miaka 60 mwaka 2009, kutoka 55.

Mtu ambaye kwa miaka 30 alijua kwamba saa mbili kamili asubuhi anatakiwa mezani kwake, ghafla hatakiwi popote. Mafao yanazungumzwa sana katika semina za wastaafu, ufugaji wa kuku vilevile. Ni nadra kuulizwa swali la siku ya Jumatatu: saa nne asubuhi, gazeti likiwa limekwisha kusomwa, mikono itafanya nini?

Aliyeanza kushona, kuchonga au kutunga akiwa na miaka 40, dakika 20 kwa siku, hufika huko akiwa na jambo lililokwisha kuanza. Anayekusudia kulianza siku ya kustaafu hulianza na vidole vigumu na macho yanayohitaji miwani, tena bila mwenzake wa kumwonyesha. Mwalimu Nyerere, aliyeng'atuka katika urais mwaka 1985, hakuhitaji kutafuta la kufanya na kalamu yake. Mwaka 1996 zilichapishwa Tenzi za Biblia, ambamo aliigeuza sehemu ya maandiko kuwa beti za Kiswahili.

Katika nyumba nyingi za shamba huko Unguja na Pemba, ukili uliokwisha kusukwa huviringishwa na kutundikwa ukutani. Hauonekani kuwa kitu cha maana. Ni duara la utepe lenye mistari ya rangi. Kila baada ya siku chache huteremshwa, hupimwa kwa mikono, pima zikahesabiwa, kisha hurudishwa mahali pake. Zikitimia, ndipo shazia hutafutwa.